Kiti cha Steringi: Utangulizi wa Somo la Hasira za Mashabiki

Kila aliyekulia karibu na kibanda umiza, yaani ukumbi wa video wa mtaani, anaijua kanuni ya kwanza ya sinema: steringi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, atafungiwa ndani ya nyumba inayowaka moto, lakini mwisho wa muvi atakuwa amesimama na adui amelala chini. Vijana wa Mwanjelwa, Mbeya, na wa Kihesa, Iringa, waliijua kanuni hiyo bila kufundishwa na mtu, na kwayo waliamua mambo mengi: nani ashangiliwe, nani azomewe, na kesho yake jina la nani lichukuliwe na mtoto mwenye nguvu kuliko wenzake uwanjani. Usteringi ni cheo, na cheo hakikosi wagombea.

Somo ninalokukaribisha linahusu ugomvi mmoja juu ya cheo hicho. Katika miaka ya karibuni filamu kadhaa za bunilizi ya kisayansi, zile ambazo vibandani huitwa muvi za maroboti au za anga, zimempa mwanamke nafasi ya mhusika mkuu, na baadhi ya mashabiki wakongwe wamelipokea jambo hilo kwa ghadhabu. Wako walioandika uhakiki mkali, na hiyo ni haki yao. Wako pia waliomfuata mwigizaji hadi kwenye kurasa zake binafsi wakamtukana rangi yake, umbo lake na asili yake. Wasomi wa filamu, wa jinsia na wa mawasiliano wamekuwa wakiichunguza ghadhabu hii kwa muda sasa, na kazi zao zimejenga uwanja wenye sura yake. Naamini kwamba msomi wa Mbeya au Iringa anao mchango ambao mwenzake wa Los Angeles hawezi kuutoa, na nafasi kubwa ya utangulizi huu nitaitumia kueleza kwa nini.

Kwanza matukio yenyewe. Machi 2016 ilitoka trela ya Ghostbusters, filamu ya Paul Feig iliyoirudia komedi ya mwaka 1984 na kuwaweka wanawake wanne pale walipokuwa wanaume wanne. Filamu ilikuwa haijaonyeshwa popote, lakini trela ilipigiwa alama za kutopendwa hadi ikawa trela ya filamu iliyokataliwa kuliko zote YouTube. Julai mwaka huohuo Leslie Jones, mwanamke pekee mweusi kati ya wale wanne, alimiminiwa matusi ya kibaguzi Twitter hata akauacha mtandao huo kwa muda. Kabla ya hapo, Desemba 2015, mfululizo wa Star Wars ulikuwa umemleta Rey, msichana wa jangwani aliyeigizwa na Daisy Ridley, na miaka miwili baadaye The Last Jedi ikamleta Rose, fundi aliyeigizwa na Kelly Marie Tran, Mmarekani mwenye asili ya Vietnam. Juni 2018, baada ya miezi ya kutukanwa, Tran alifuta picha zake zote Instagram, na Agosti akaandika makala kwenye gazeti la New York Times kueleza jinsi matusi yale yalivyomrudishia fikra alizojengewa tangu utotoni, kwamba watu wa sura yake mahali pao ni pembeni. Katika filamu iliyofuata, ya mwaka 2019, Rose alionekana kwa dakika moja na ushei tu. Mwandishi mwenza wa filamu alitoa sababu za kiufundi. Wapo mashabiki waliolichukulia jambo hilo kama ushindi, na wapo waliolilia. Mtafiti mwangalifu huyaandika yote mawili bila kurukia hitimisho.

Mwaka huo wa 2019 ulikuwa na kisa kingine. Wiki chache kabla ya kutoka kwa Captain Marvel, filamu yenye steringi wa kike, watu ambao hawajaiona waliijaza tovuti ya Rotten Tomatoes kauli za kutotaka kuiona, na tovuti ikalazimika kuondoa kipengele hicho. Filamu ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.1 duniani. Wengi walidhani fedha zimemaliza mjadala. Mwaka 2023 ulipokuja mwendelezo wake, The Marvels, wenye wanawake watatu mbele na mwanamke nyuma ya kamera, mapato yalikuwa kama dola milioni 206, na waliokuwa kimya wakasema: mnaona? Hesabu ya tiketi inaweza kutumiwa na kila upande kwa zamu, kwa hiyo usiitegemee kama ushahidi wako mkuu.

Swali la nani hasa anayekasirika limejibiwa kwa kiasi na Morten Bay, aliyechambua mwaka 2018 jumbe za Twitter zilizotumwa na watu 967 kwa Rian Johnson, mwongozaji wa The Last Jedi. Walioichukia filamu walikuwa kama mmoja katika kila watano. Na kati ya hao, karibu nusu walionekana kusukumwa na ajenda za kisiasa, au hawakuwa watu kabisa bali akaunti za kujiendesha. Utafiti huu unafundisha mambo mawili. Kelele ni kubwa kuliko idadi ya wapigaji. Lakini nusu iliyobaki ni watu wa kweli, wenye mapenzi ya kweli kwa filamu hizo, na hao ndio wanaostahili tuwasikilize kwa makini, kwa sababu tusi la mtu mwenye ajenda halina fumbo, ilhali uchungu wa mtu aliyependa unalo.

Sasa rudi kwa miaka ya nyuma, uone jambo ambalo wengi hulipita. Mwaka 1979 filamu ya Alien ilimwacha hai mtu mmoja ndani ya chombo cha angani, na mtu huyo alikuwa Ripley, mwanamke. Waandishi walikuwa wameacha nafasi zote za wahusika ziweze kuchezwa na mwanamume au mwanamke. Mwaka 1984 Sarah Connor alilimaliza roboti la Terminator ndani ya kiwanda, na 1991 akarudi na misuli na bunduki. Wote wawili wanapendwa hadi leo, tena na wanaume walewale waliomkataa Rey. Vibandani kwetu pia, vijana waliokuwa tayari kumzomea mwanamke yeyote mitaani walimshangilia Cynthia Rothrock akirusha mateke, na Michelle Yeoh akipanda kuta. Filamu sita za Resident Evil, kuanzia 2002 hadi 2016, zilibebwa na Milla Jovovich, na sikumbuki kijana yeyote akidai fedha yake irudishwe kwa kuwa steringi ni wa kike. Kwa hiyo maelezo ya haraka, kwamba wanaume hawataki kumwona mwanamke mwenye nguvu, hayatoshi. Yana ukweli ndani yake, lakini hayaelezi kwa nini mtu yuleyule ampende Ripley na amchukie Rey.

Jibu ninalolitetea ni hili: ghadhabu huwa kali zaidi pale mwanamke anaporithi. Ripley hakumrithi mtu. Filamu inapoanza hata hatujui kama yeye ndiye steringi, maana jina la kwanza kwenye orodha ya waigizaji ni la Tom Skerritt, nahodha, na ni nahodha huyo anayekufa njiani. Ripley anakipata kiti kwa kubaki hai, na mtazamaji anakubali kwa sababu ameshuhudia. Rey analetewa upanga wa mwanga uliokuwa wa Luke Skywalker, steringi wa filamu za awali, na wa baba yake Luke. Wanawake wa Ghostbusters wanavaa sare za wanaume waliokuwa wakipendwa tangu miaka ya themanini. Julai 2017 BBC ilipomtangaza Jodie Whittaker kuwa Daktari wa kumi na tatu katika Doctor Who, kelele zilihusu kiti ambacho wanaume 12 walikuwa wamekikalia kwa kupokezana. Katika Terminator: Dark Fate ya 2019, John Connor, mtoto wa kiume aliyetabiriwa kuiokoa dunia, anauawa dakika za mwanzo na wadhifa wake unakwenda kwa msichana wa Mexico. Kila mahali palipowaka moto ni mahali pa makabidhiano.

Nikisema hivi darasani, wanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini hawahitaji maelezo marefu. Wamekulia katika familia ambamo mazungumzo mazito kuliko yote ni ya nani atabaki na shamba. Kanuni za urithi zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, katika jitihada ya kuandika na kulinganisha sheria za mila, ziliwapanga warithi kwa madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza juu, wanawe wengine wa kiume wakifuata, na mabinti wote katika daraja la tatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikatamka kwamba mila isimnyime mwanamke ardhi, na bado migogoro inaendelea mbele ya mabaraza. Sikiliza yanayosemwa humo. Ni nadra mtu kusimama na kusema dada yake hana akili ya kulima, maana kila mtu anajua nani anayelima. Husema dada ataolewa na kulihamishia shamba kwenye ukoo mwingine. Hofu ni kwamba mali ya ukoo itapotea ikipita mikononi mwake. Kisha msikilize shabiki wa Star Wars akieleza kwa nini Rey amemwudhi: atakwambia kwamba wameichukua hadithi yetu wakawapa watu wengine. Ni lalamiko moja.

Historia ya eneo hili imejaa makabidhiano. Uheheni, baada ya kifo cha mtawala Munyigumba, mwanawe Mkwawa alilazimika kupigana na mpinzani wake Mwambambe kabla ya kuketi mahali pa baba yake. Unyakyusa kulikuwa na ubusoka, sherehe kubwa ambayo kwayo kizazi cha baba kilikabidhi utawala kwa kizazi cha watoto wa kiume. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi Rungwe kati ya 1934 na 1938, aliieleza sherehe hiyo, na katika kitabu chake Good Company cha 1951 akaeleza pia vijiji vya rika: wavulana wa miaka kama kumi walitoka kwa wazazi wao wakaenda kujenga kijiji chao, wakala pamoja, wakazungumza pamoja, wakakua pamoja. Thamani kuu ya maisha hayo waliiita ukwangala, raha ya kukaa na wenzako. Wanawake waliingia kijijini kwa kuolewa. Simaanishi kwamba kijana wa Tukuyu anayemkataa Captain Marvel leo amerithi fikra hiyo kutoka kijiji cha rika cha babu yake. Vijiji vile havipo tena, na mashabiki wakali kuliko wote wako Marekani ambako havijawahi kuwapo. Ninachosema ni kwamba Wilson anatupa dhana iliyokomaa ya jinsi furaha ya kundi la wanaume inavyoweza kuwa njema kabisa, yenye ukarimu na mazungumzo, na wakati huohuo iwe imejengwa juu ya kutokuwapo kwa wanawake. Wasomi wa Magharibi huwa wanahangaika kueleza kwa nini watu wakarimu ndani ya kundi lao huwa wakatili kwa anayekuja. Ukwangala unafungua mlango huo.

Lakini je, ukumbi wa sinema ni mali ya wanaume tangu zamani? Hapa historia inakataa. Mwanahistoria Laura Fair, katika Reel Pleasures cha mwaka 2018, anaonyesha majumba ya sinema ya miji ya Tanzania yakiwa mahali pa familia, akina mama na mabinti wakijaa kwenye filamu za Kihindi, na Zanzibar kukiwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Moja ya filamu zilizotukuzwa zama hizo ni Mother India ya 1957, ambayo nguzo yake ni Nargis, mama anayelima kwa mabega yake na hatimaye kumhukumu mwanawe mwenyewe. Ni baada ya majumba kudorora na kanda za video kuingia ndipo vilipozuka vibanda: chumba cha mabati, mabenchi, televisheni moja, na wavulana. Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, hivyo kwa vijana wengi kibanda ndicho kilichokuwa dunia. Umiliki wa wanaume juu ya ukumbi, kwa hiyo, una tarehe ya kuzaliwa, na kitu chenye tarehe ya kuzaliwa kinaweza kuchunguzwa.

Huko Marekani nako mambo ni hayohayo. Mwaka 1968 kampeni ya barua iliyookoa Star Trek isifutwe iliongozwa na Bjo Trimble, mwanamke, akisaidiana na mumewe. Wanawake ndio waliojaza majarida ya mashabiki ya miaka ya sabini, kama Camille Bacon-Smith alivyoonyesha katika Enterprising Women mwaka 1992. Hata jina ambalo leo hurushwa kama jiwe kwa kila steringi wa kike, Mary Sue, lilibuniwa na Paula Smith mwaka 1973 katika kijihadithi cha kuwatania waandishi chipukizi waliojiandika wenyewe wakiwa mabinti wasioshindwa na chochote. Mwanamke alikuwa akiwatania wanawake wenzake ndani ya nyumba yao. Miaka arobaini baadaye neno hilo limekuwa silaha mikononi mwa watu wanaodai kwamba wanawake ni wageni katika nyumba hiyo. Na usisahau kwamba mwanamke mweusi aliyekaa katika chumba cha uongozi cha chombo cha angani cha Star Trek tangu Septemba 1966, Uhura wa Nichelle Nichols, jina lake lilichongwa kutokana na uhuru wetu. Alipotaka kuondoka, Martin Luther King alimsihi abaki, kwa sababu kwa mara ya kwanza watoto weusi walikuwa wanajiona katika wakati ujao.

Shutuma ya Mary Sue inatupa nafasi ya zoezi la kwanza la somo hili. Husemwa kwamba Rey anajua kila kitu haraka mno: anarusha chombo asichokizoea, anamshinda kwa upanga mtu aliyefunzwa. Haya, chukua Luke wa 1977, kijana wa shambani anayeingia kwenye ndege ya kivita kwa mara ya kwanza na kuilipua ngome kubwa kuliko zote. Chukua baba yake, Anakin, katika filamu ya 1999, mtoto mdogo anayeharibu meli ya adui karibu kwa bahati. Mpinzani wa Rey, kwa upande wake, alikuwa amejeruhiwa vibaya kabla ya pambano. Ukiweka matukio haya bega kwa bega huwezi kukwepa swali: kosa ni lilelile, kwa nini mmoja alisamehewa? Wapo watakaojibu kwamba walipomsamehe Luke walikuwa watoto. Hilo ni jibu la heshima na lina uzito. Zoezi hili halina lengo la kumnyamazisha mkosoaji. Linatusaidia kupima, maana mtu anayewakosoa Luke na Rey kwa mizani moja ni mhakiki, na anayemkosoa Rey peke yake anatuambia jambo kuhusu mizani yake.

Nafika sasa mahali ninapopapenda kuliko pote, kwa msimuliaji. Kati ya filamu ya Marekani na mtazamaji wa Mbeya kuna mtu wa tatu. Kwa miaka mingi muvi zetu zimekuja zikiwa zimetafsiriwa, yaani zikiwa na sauti ya mwanamume mmoja inayosimulia juu ya sauti za wahusika wote. Derek Gaspar Mukandala, ambaye nchi nzima inamjua kama Lufufu, aliijengea kazi hii heshima, na baada yake wakaja akina DJ Mack, huku Kenya ikiwa na DJ Afro na Uganda ikiwa na VJ Jingo. Mtafiti Matthias Krings aliyefuatilia kazi hii alichapisha mwaka 2012 makala yenye kichwa kinachosema usimulizi ni kuugeuza wali uwe pilau, na kweli ndivyo ilivyo: msimuliaji hatafsiri maneno, anatia viungo. Anataja mitaa yetu, anaonya, anacheka, anampa mhusika jina jipya, anatuambia nini cha kufikiri kuhusu mtu huyo kabla hajafungua mdomo.

Katika lugha ya vibandani kuna steringi, kuna adui, na kuna demu wa steringi. Hivyo ndivyo viti vilivyopo. Mwanamke anapoongoza filamu, msimuliaji analazimika kuamua, papo hapo, amkalishe wapi. Nimesikia usimulizi ambao ulimwita mwanamke shujaa demu wa steringi muvi nzima, huku steringi mwenyewe akitafutwa miongoni mwa wanaume waliomzunguka. Nimesikia pia mwingine ambapo msimuliaji, baada ya pambano la kwanza, alimtangaza kwa sauti ya kujivunia: huyu dada ndiye steringi wetu leo, na kibanda kikapokea kwa makofi. Filamu ileile, vijana walewale. Kwa hiyo kukubaliwa au kukataliwa kwa mhusika wa kike kwetu hakutokei ndani ya kichwa cha mtazamaji mmoja mbele ya simu yake, kunatokea hadharani, kwa sauti, na kuna mtu mwenye mamlaka ya kukuelekeza. Nadharia za Magharibi za mapokezi, kuanzia zile za Stuart Hall za 1973, hazikumwazia mtu huyu. Hapa ndipo tunapoweza kufundisha na siyo kufundishwa tu.

Filamu zetu wenyewe nazo zina neno. Tanzania haikuwa na fedha za kutengeneza vyombo vya angani, lakini ilikuwa na majini na misukule, na kwa macho yangu hayo ndiyo yaliyofanya kazi ya maajabu ambayo kwingine hufanywa na maroboti. Mwongozaji Mussa Banzi aliipa filamu yake ya kutisha ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 jina la Nsyuka, lililotoka kwa Wanyakyusa na mizimu yao. Mwaka 2005 akatoa Shumileta, na humo mwenye nguvu kuliko wote ni jini wa kike, aliyeigizwa na Jennifer Mwaipaja. Mwigizaji alibaki na jina hilo la Shumileta mitaani na magazetini. Tafakari jambo hilo. Mwanamke mwenye uwezo kupita binadamu alipatiwa nafasi bila ghadhabu yoyote ya aina ya Ghostbusters, kwa sharti kwamba awe tishio. Alipewa kiti cha adui, ambacho hakina mrithi wa kiume aliyekuwa akikisubiri.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi, filamu fupi ya dakika zipatazo 20, ambamo vita vya maji vimeiua dunia na Asha, mtunza makumbusho, anatoroka na mche mmoja kwenda kuupanda jangwani. Anaupa mmea huo maji yake yote ya mwisho. Hakuna mwanamume aliyekitangulia kiti cha Asha, kwa sababu hakukuwa na kiti: Kahiu alikichonga mwenyewe. Neptune Frost ya 2021, iliyopigwa Rwanda na kuongozwa na Saul Williams na Anisia Uzeyman, ilichonga vingine, na Kiswahili kinasikika humo. Nchini kwetu Eonii ya 2023 imeingia katika bunilizi ya kisayansi moja kwa moja. Filamu za namna hii ni muhimu kwa nadharia ya urithi, kwani ni upande wa pili wa mizani, steringi wa kike asiyechukua kitu cha mtu.

Kuna kisa kimoja kinachonisumbua, na sitaki kukipunguza ili nadharia yangu ipendeze. Chadwick Boseman, aliyemwigiza mfalme T'Challa katika Black Panther, alifariki Agosti 2020, na badala ya kumtafuta mwigizaji mwingine wa T'Challa, watengenezaji wa Black Panther: Wakanda Forever ya 2022 walimpa vazi la Black Panther dada yake, Shuri. Lupita Nyong'o wetu yumo, na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, yumo kati ya walinzi. Kulitokea kampeni kubwa ya mashabiki weusi iliyotaka T'Challa apate mwigizaji mpya. Kwa nje ilionekana kama kumzuia mwanamke asirithi. Ukiwasikiliza, wengi walikuwa wakisema jambo jingine: kwamba watoto wa kiume weusi walikuwa na mfalme mmoja tu katika filamu zote zile, na wasingependa azikwe pamoja na aliyemwigiza. Wengine walikuwa katika msiba. Wengine, ni kweli, hawakutaka tu msichana awe mfalme. Makundi hayo matatu yalitumia maneno yaleyale, na ni kazi yetu kuyatenganisha kwa uvumilivu. Asiyeweza kuitofautisha huzuni na dharau asiingie katika somo hili, atawaumiza watu.

Na wanawake wenyewe wako wapi? Wako sebuleni na saluni. Pale, tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili zinatazamwa na mama na binti, kama zamani Isidingo ilivyotazamwa ITV, na mhusika kama Cherel akachukiwa na kupendwa kwa pumzi moja. Huko mwanamke kuwa kiini cha hadithi ni kawaida. Lakini sebule na kibanda haviko mbalimbali tena. Dukani Mwanjelwa au Miyomboni kijana yuleyule anajaziwa kwenye flashi tamthilia ya dada yake na muvi yake ya maroboti, na simu moja huchezwa na wote. Bell hooks, katika insha yake ya 1992 kuhusu jicho la upinzani, alieleza jinsi wanawake weusi walivyojifunza kutazama filamu zisizowatambua. Ningependa kuona mtu akiwauliza mabinti wa Iringa wanavyotazama filamu inayowatambua huku kaka zao wakiguna.

Ukienda uwandani, omba ruhusa ya mwenye kibanda na ya watazamaji, wala usichapishe jina la kijana aliyetukana mbele yako, hata kama amekukera. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha unyanyasaji wa mtandaoni, na data zako zisije zikageuzwa mashtaka. Kaa benchi moja nao. Usianze kwa kuuliza wanawaonaje wanawake, watakupa jibu la semina. Uliza steringi alikuwa nani.

Kwa kuanzia, chukua The Force Awakens, tafuta nakala iliyosimuliwa, na uandike neno kwa neno kila jina analoitwa Rey, tangu anapookota vyuma jangwani hadi upanga wa Luke unaporuka kuja mkononi mwake. Itazame kibandani Uyole, Mbeya, kisha uitazame tena Ipogolo, Iringa, na msimuliaji mwingine ukimpata. Linganisha. Kazi hiyo inatosha kwa tasnifu ya shahada ya kwanza, na mwanafunzi wa Chuo cha Mkwawa, wa Ruaha, wa Chuo Kikuu cha Iringa au wa Teofilo Kisanji anaweza kuifanya kwa nauli ya basi.